Nimempa fundi kabati la mninga, kanirudishia friji

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mafundi bomba, huu ni msiba unaojitegemea.

Yule fundi wa Keko mnamjua, simtaji. Yule mwenye penseli sikioni hata akiwa msibani. Eeh, huyo huyo.

Kabati la vyombo la marehemu bibi, mninga mtupu, la mwaka 1974, halina msumari hata mmoja, limeungwa kwa ulimi na tundu. Wajukuu kumi na moja, nikapewa mimi. Vanishi ilishafifia na droo moja inakwama, basi. Nikamwambia: fundi, piga msasa, piga sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, piga vanishi, ile mistari ya mninga ionekane. Advansi laki na nusu. Akanijibu, "Bosi, wewe kalale." Nimelala wiki tatu!

Leo nimeenda. Kavuta turubai kama bwana harusi anafunua shela. JEUPE. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka mageti. Jeupe pee mpaka nikajiona sura. Naye anajifuta mikono kwenye suruali, anatabasamu: "Bosi, nimekuwekea la kisasa."

La kisasa! Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Leo nimejua unalilia nini.

Vishikizo vya shaba vya bibi kang'oa, kaweka vya plastiki. "Vile vilichakaa bosi." Sawa, vilichakaa vikaenda wapi? Kimya. Mlango wa kushoto kuna nzi kanasa kwenye rangi, kakauka na mabawa yake kayakunjua. Nimefungua mlango nikategemea taa iwake ndani.

"La kisasa." Wallahi nikifumba macho naisikia.

Kisoda: Bila picha ni chai.

Mleta uzi: Picha nipige nikiwa nalia?

Shemeji wa Wote: Wiki tatu hukwenda hata siku moja kuchungulia? Kaambiwa alale, kalala kweli 😂😂 Fundi hana kosa.

Babu Msasa: Kijana, usikurupuke na msasa, utajaa rangi uzibe tu. Tafuta rimuva, ile dawa ya kutoa rangi, paka, subiri rangi ivimbe, kwangua na bapa. Ndipo uje na msasa namba 80, kisha 120, malizia 220, ukifuata mistari ya mti. Rangi iliyoingia kwenye vinyweleo itoe kwa brashi laini ya shaba.

Kisoda: Brashi ya shaba? Arudi kwa yule yule, shaba anazo.

Mama Wawili: Afadhali wewe umerudishiwa kabati. Mimi nilipeleka sofa zibadilishwe sponji. Mwezi haujaisha, ukikaa unasikia kitu kinakuchoma. Nimepasua mto: salfeti, boksi la sabuni, na KANGA YANGU iliyopotea kambani mwaka jana!

Shemeji wa Wote: Subiri. Kanga yako ilifikaje kwa fundi?

Mama Wawili: Ndiyo nauliza hapa.

Dagaa Mchele: Mnacheza na mafundi seremala, hamjakutana na fundi nguo wa Idi. Suti yangu niliikuta kaivaa yeye, swalani, safu ya mbele.

Kisoda: 😂😂😂 ulifanyaje?

Dagaa Mchele: Ningefanyaje, tumeswali. Akanipa na mkono wa Idi.

Mtu wa Bara: Kwanza mninga mnaukuza bure. Mkongo ndio mbao.

Babu Msasa: Mkongo mzuri kwa milango. Kabati la ndani ni mninga, haupindipindi. Usibishane na mtu aliyeshika randa kabla hujazaliwa.

Mtu wa Bara: Babu, sijabisha, nimesema tu.

Shemeji wa Wote: Turudi kwenye kanga. Dada, sofa zilikaa kwa fundi siku ngapi, na shemeji alikuwa anakwenda kuziangalia?

Mama Wawili: Siku kumi. Alikuwa anakwenda kila jioni, anasema anamsimamia fundi.

Kisoda: Fundi ana dada?

Mama Wawili: Yupo anayeuza uji pale nje.

Dagaa Mchele: Nasogeza kiti.

Mleta uzi: Jamani, na kabati langu?

Shemeji wa Wote: Mkuu, tulia kwanza. Dada, hiyo kanga ilikuwa moja, au alipewa doti nzima?