Gari la kulala kwa barabara za kusini: HiAce, Bongo, Land Cruiser ya hema, au tuchongeshe kwa fundi?

Uyole Stendi
Wakuu, habari za jioni. Nimeuza parachichi, hela kidogo ipo, na mama watoto amekubali nusunusu. Nataka gari la kulala ndani. Familia twende Matema, Kitulo na Ruaha, na likikaa bure nilikodishe kwa wageni. Nimechuja mpaka nne: HiAce yenye vitanda iliyotengenezwa hukohuko Japani, Mazda Bongo Friendee ile inayonyanyua paa kwa swichi, Land Cruiser yenye hema juu ya paa, au ninunue HiAce iliyostaafu daladala na fundi aisuke upya ndani. Nilinganishieni: ipi unalala vizuri, ipi bodi inavumilia, ipi hela yako haipotei. Msiniambie nilale gesti, nimechoka kugawana kitanda na kunguni.

Fundi Bodi Sae
Anza na futi kamba kabla ya picha. HiAce za 2004 kuja huku zipo za bodi nyembamba na za bodi pana. Nyembamba ni milimita 1,695 kwa nje. Toa unene wa mlango, weka sponji ya kuzuia baridi, piga plaiwudi, unabaki na mita moja na nusu na ushee. Mtu mzima hawezi kulala kwa upana wa gari humo, atakunja magoti mpaka asubuhi. Basi kitanda kinawekwa kwa urefu, kinameza gari zima, na ukiamka lazima ukikunje ndipo upate pa kuchemshia chai. Bodi pana ni 1,880. Hapo mtu wa kimo cha kawaida analala kwa upana, na mbele inabaki nafasi ya jiko na kabati. Ndiyo maana zile ndefu za mita 5.38 zenye paa la juu zinagombaniwa. Tangazo lisilotaja upana, uliza kwanza.

Mama Gesti Tukuyu
Wewe mleta mada hata shikamoo hujatoa, umeingia na kunguni. Mimi nina vyumba Tukuyu miaka na miaka, shuka nafua kwa mikono yangu. Kunguni anakuja kwenye begi la mgeni, haoti ukutani. Na huyohuyo utambeba kwenye godoro la gari lako, tofauti ni kwamba humo hutakuwa na mhudumu wa kumfokea.

Uyole Stendi
Shikamoo mama. Sikutaja Tukuyu, nimesema gesti tu.

Mama Gesti Tukuyu
Marahaba. Gesti ndiyo sisi.

KihesaJuu
Kamwene. Fundi anakusifia HiAce kwa sababu ndizo anazochomelea. Ruaha ile njia ya vumbi ya kwenda Msembe, makao ya hifadhi, umeipita? Mikunjo mwanzo mwisho, gari linatetemeka mpaka meno. Chukua Land Cruiser 78 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala mambo ya kompyuta, fundi wa Makambako anaifungua gizani. Kulala unapanda juu kwenye hema. Ukichoka nayo unauza siku hiyohiyo.

Kitonga Kwa Mguu
1HZ ina nguvu farasi 130 hivi. Weka hema, maji, mafuta ya akiba, watu watano, halafu panda mlima Kitonga. Lori la saruji litakupita na tingo atakupungia. Na ile springi ya nyuma ni ya mabapa, imetengenezwa kubeba mzigo. Mkalishe mama mkwe benchi la pembeni kutoka Iringa mpaka Tungamalenga, kisha uje utueleze habari za ukwe wako.

KihesaJuu
Wewe unayeenda Kitonga kwa mguu unajua nini kuhusu gari?

Nipo Stuttgart ila wa Rungwe
Mnazunguka bure. Gari la kulala lenyewe ni Volkswagen California. Zamani walikuwa wanatengenezewa na Westfalia, ila tangu toleo la T5 la mwanzoni mwa miaka ya 2000 Volkswagen wanajenga wenyewe kiwandani. Makabati hayapigi kelele, kiti cha nyuma kinageuka kitanda, paa linapanda, viti vya mbele vinazunguka kuangalia meza. Kila kitu kimepimwa. Huku watu wazima wanastaafu na kuhamia humo.

Fundi Bodi Sae
Hatukatai, kazi yao safi. Sasa usukani upo kushoto, na hizo mpya za dizeli zinataka AdBlue, yale maji ya kusafisha moshi. Igawa utaikuta wapi? Gari likikosa hiyo kitu linagoma kuwaka. Halafu subiri spea kutoka Hanover umeegesha Chimala.

Nipo Stuttgart ila wa Rungwe
Ndiyo maana hatuendelei. Kitu kizuri mnakiogopa kwa sababu ya spea.

Kitonga Kwa Mguu
Ukija likizo mwaka ujao njoo nalo. Tutakusukuma.

Baridi ya Makete
Naona mnabishania injini wakati mwenzetu ameuliza kulala. Kitulo ile bustani iko kwenye mita 2,600 na kuendelea. Maua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili, yaani masika, matope na ukungu. Juni na Julai ni jalidi, asubuhi nyasi nyeupe. Paa la Bongo likinyanyuka, kilichobaki kati yako na ule upepo ni turubai. Hema la Land Cruiser vilevile, tena hilo linapepea usiku kucha. Gari la paa la bati lililozibwa vizuri ndilo la kulala huko. Lakini nalo usifunge kila tundu. Watu wanne wakipumua humo usiku, bati linatoa jasho, maji yanashuka kwenye kuta, ukiamka godoro limelowa upande wa chini. Pazia la dirishani unaweza kulikamua. Acha upenyo sehemu mbili, juu na chini, na chini ya godoro weka chaga, usilaze sponji juu ya ubao mtupu.

Dogo wa Soweto
Baridi ndogo hiyo. Jiko la mkaa dogo nyuma, mnafunga milango, dakika kumi mko Dar.

Muuguzi Mafinga
Dogo, hilo futa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaona usingizi mtamu tu, kichwa kizito kidogo, haamki. Kwenye gari lililofungwa ni muda mfupi mno. Wagonjwa wa namna hii tunaletewa kila msimu wa baridi, na wengine wanaletwa tukiwa hatuna cha kufanya.

Dogo wa Soweto
Bibi yangu Isyesye amelala na jiko chumbani maisha yake yote na yupo, ana meno kunishinda. Mnatisha watu.

Baridi ya Makete
Nyumba ya bibi yako ina upenyo kati ya ukuta na bati, paka anapita. HiAce ina raba mlango mzima. Unalinganisha nini na nini?

Dogo wa Soweto
Usimwingize bibi yangu na paka.

Muuguzi Mafinga
Wewe ndiye uliyemleta bibi, mdogo wangu. Mimi nasema jiko lisiingie ndani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Na vioo kushusha kidogo siyo dawa.

KihesaJuu
Kwenye hema la juu ya paa hakuna anayeweka jiko. Pointi nyingine kwa Land Cruiser hiyo.

Mama Gesti Tukuyu
Gesti kuna blanketi mbili na maji ya moto kwenye ndoo. Hakuna anayekufa. Endeleeni na magari.

Wakala Tunduma
Hamjagusa kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari likizidi umri linaongezewa ushuru wa uchakavu. Likifika miaka kumi ndiyo basi, 30.

Mhasibu Njombe
Fafanua usije ukampotosha. Kuanzia miaka minane mpaka kumi ni asilimia 15, ikizidi kumi ndiyo 30. Bongo Friendee zilitengenezwa 1995 mpaka 2005, maana yake hakuna hata moja inayokwepa hiyo 30. Bei ya Japani inaonekana ya kutupa, ikifika bandarini inakuvua shati. Usipige hesabu kwa bei ya kwenye picha.

Wakala Tunduma
Ndicho nilichosema.

Mhasibu Njombe
Sawa mkuu.

Mama Watatu Vwawa
Naomba niitetee Bongo, ninayo na sijutii. Ukibonyeza swichi paa linapanda lenyewe, watoto wawili juu, sisi wawili chini, na Mwanjelwa naiegesha kama Noah. HiAce ndefu utaigeuzia wapi pale sokoni? Hema la KihesaJuu kila mkitaka kwenda dukani mnalikunja kwanza. Usiku mtoto wa miaka minne anataka kukojoa, unamshusha ngazi ya nje kwenye pori la Ruaha, fisi anaangalia. Kwenye Bongo anashukia ndani humohumo, kopo lipo.

Fundi Bodi Sae
Dada, kwa starehe umesema kweli. Upande wa injini, ile dizeli ya 2.5 iko chini ya viti vya mbele, mipira ya maji mirefu, na gari limekuwa mzee. Maji yakipungua kidogo huoni, ukija kuona limeshachemsha na silinda hedi imepasuka. Atakayeinunua abadilishe mipira yote na rejeta isafishwe kabla hajaiona Kitonga. Afunge na kengele ya maji.

Mama Watatu Vwawa
Yangu ni ya petroli.

Fundi Bodi Sae
Basi tunasema magari mawili tofauti.

KihesaJuu
Ona sasa. Fundi wa Mbeya kila kitu "abadilishe, afunge". Iringa mtu anatengeneza gari linaondoka.

Fundi Bodi Sae
Linaondoka halafu linakuja kwangu. Nimepokea moja hapa imesukwa huko kwenu, sitaji karakana. Makabati yamepigwa skrubu moja kwa moja kwenye plaiwudi, hamna gundi wala bolti. Safari moja ya barabara ya vumbi, skrubu zote zimejitoa, zipo sakafuni zinalia, droo ya vijiko imefunguka imemwaga kila kitu kwenye kitanda. Tangi la maji lita mia limewekwa nyuma kabisa baada ya ekseli, pua ya gari inaangalia mbinguni, usukani mwepesi. Mtungi wa gesi umefungiwa kabatini bila tundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni pale mnapolala. Mimi nilichofanya ni kung'oa yote. Tangi likaja katikati ya ekseli, makabati bolti zinazopita mpaka bati na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee, tundu la gesi chini sakafuni linatokea nje.

KihesaJuu
Ulijuaje ni ya Iringa? Iliandikwa?

Fundi Bodi Sae
Mwenyewe alisema.

KihesaJuu
Mwenyewe anaweza kuwa amedanganywa na fundi wa Mbeya aliyehamia Iringa.

Kitonga Kwa Mguu
Hahaha. Huyu hakubali.

Shamba la Chai Mufindi
Mleta mada alitaja kukodisha na hakuna aliyemjibu. Wageni wengi wanaopita huku na magari ya kulala wanakuja na yao kutoka Afrika Kusini, wanaingilia Tunduma au Kasumulu, utawaona wamelala kwenye kambi ya Kisolanza kabla ya kufika Iringa. Hao hawakodi kwako. Anayekodi ni yule aliyeshuka ndege Songwe au Dar, na huyo anaulizia gari la kuvuka mto mkavu Ruaha, siyo daladala iliyopakwa rangi. HiAce ya kusukuma nyuma peke yake kwenye mchanga inakaa. Kama ni HiAce, tafuta ya fo wili, zipo, ila tumbo liko chini vilevile. Kwa kukodisha, KihesaJuu ana hoja ingawa anaisema vibaya. Kwa familia Matema na Tukuyu, lami inafika, HiAce pana inatosha na chenji inabaki.

KihesaJuu
Naisema vibaya kivipi?

Baridi ya Makete
Na Kitulo kwa kupandia Chimala, zile kona hamsini na saba kwenda Matamba, na HiAce ya mita tano na kitu? Mvua ikiwa imenyesha? Atajuta.

Dogo wa Soweto
Mnapandisha mbao na mahindi na Fuso kila siku hapo. HiAce itashindwa nini?

Baridi ya Makete
Dereva wa Fuso anazijua kona kwa majina. Huyu anatoka Uyole na watoto.

Fundi Bodi Sae
Mleta mada, kitu kimoja kabla hujalipa. Magari ya mikoa ya theluji Japani, Hokkaido na huko kaskazini, barabara zinamwagiwa chumvi. Juu linang'aa, chini chesesi imeliwa. Omba picha za uvunguni, siyo za makochi. Bodi nzuri juu ya chesesi iliyooza haina fundi.

Uyole Stendi
Nashukuru wote, mama wa Tukuyu nawe pia. Mama watoto amesoma mpaka hapa kwenye kodi na skrubu, amesema HiAce haingii kwenye geti letu. Sasa swali: Noah ya kawaida, tukitoa viti vya nyuma tukaweka chaga na godoro, watu watatu wanalala?

Fundi Bodi Sae
Noah ya mwaka gani, na mrefu kuliko wote ni nani?