Ushauri: Shirika la uchukuzi linataka kujenga maghorofa mtaani kwetu, tuulize nini kikaoni?

BintiEastlands: Habari zenu wakuu. Mama anaishi Nairobi, kwenye nyumba za shirika la umma la uchukuzi ambalo marehemu baba alilifanyia kazi hadi akastaafu. Tumebandikiwa tangazo: nyumba za zamani zitabomolewa, shirika liingie ubia na mwekezaji, yajengwe maghorofa, na mapato yasaidie kuendesha usafiri. Kuna kikao cha kukusanya maoni. Wazo lenyewe silipingi. Ardhi iko hatua chache kutoka stesheni na sehemu kubwa imeota magugu tu. Ninachohofia ni wazee kuhamishwa kwa ahadi ya mdomo. Tuulize nini?

Mzee wa Karakana: Pole na majukumu, binti. Anzeni na hili: ardhi inauzwa, au inabaki mikononi mwa shirika? Tazameni Hong Kong. Serikali huipa MTR, shirika la reli la huko, haki ya kujenga juu ya stesheni na karakana zake. Mjenzi anayeshinda zabuni hulipia ardhi kwa thamani ya kabla ya reli kufika, kisha hubeba gharama za ujenzi. Treni ikipandisha bei ya nyumba, MTR inagawana faida na mjenzi, au inabaki na maduka na kuyapangisha miaka nenda miaka rudi. Fedha hizo zimesaidia kujenga njia mpya za reli. Shirika likiuza kiwanja chote leo, litakula mara moja tu, na kesho nauli itapanda vilevile. Ila kule nyumba hizo nyingi huuzwa kwa bei ya soko, na za watu wa kipato cha chini hujengwa na mamlaka nyingine. Kwa mama yako, mfano huo hautoshi.

Mswahili_London: Naongezea. Huku London mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, ina kampuni yake ya ardhi, Places for London. Lengo ni nyumba 20,000, nusu ziwe za bei nafuu. Lakini ndani ya hiyo nusu kuna za kodi ya chini kabisa na kuna za kununua kwa ubia (unanunua sehemu ya nyumba, iliyobaki unalipia kodi), ambazo mstaafu hazigusi. Dai kiasi cha kodi kwa mwezi, kwa shilingi, kwa maandishi. Pia ulizeni kama vibali vyote vimepatikana kabla mtu hajahamishwa. Mwaka 2022 waziri wa uchukuzi wa Uingereza alizuia mradi wa nyumba kwenye maegesho ya stesheni ya Cockfosters. Fikiria kama pale pangekuwa na wapangaji waliokwisha kuondolewa.

Wakili Mtaani: Someni kesi ya Muthurwa, hapo hapo Nairobi. Mtaa ule wa reli ulikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli ili ulipe wastaafu, na wapangaji wakatakiwa kuondoka. Walienda mahakamani 2010, na 2013 Jaji Lenaola akaona haki yao ya makazi, iliyo katika kifungu cha 43 cha Katiba, imekiukwa. Hakuwapa umiliki, alitaka pande zote zikae chini kukubaliana namna ya kuhama kiutu. Kwa hiyo msiende kudai kwamba ardhi ni yenu. Dai notisi, mahali pa kuishi wakati wa ujenzi, na haki ya kurudi.

BintiEastlands: Asanteni sana, nimeandika yote. Swali moja: mkataba wa nyumba bado uko kwa jina la baba.

Wakili Mtaani: Hilo lishughulikie kabla ya kikao, dada. Fidia na nafasi ya kurudi hufuata orodha ya wapangaji, na asiyekuwamo huhesabiwa kama mpita njia. Mama aende ofisini na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na risiti za kodi, aombe kwa barua kubadilishiwa jina. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo.

Mzee wa Karakana: Na majirani wajane wafanye hivyo hivyo, wiki hii hii.