Fundi anataka kung'oa DPF (chujio la moshi wa dizeli) ya gari yangu, nikubali?

Wakuu habari zenu, naomba ushauri, nina gari ya dizeli kutoka Japani, wiki ya pili sasa taa ya DPF inawaka na gari haina nguvu, fundi anasema dawa ni kuing'oa kabisa halafu anaifuta kwenye kompyuta ya gari, eti wote wanafanya hivyo. Nijuavyo ile ndo inanasa masizi, na inajisafisha yenyewe ikipata moto wa kutosha, sasa mimi kila siku ni Mbagala Posta kwenye foleni, itapata wapi moto? Roho inaniuma maana mwanangu ana pumu na shule yake iko barabarani kabisa, yale malori yakipita moshi mweusi tii watoto wanaumeza wote, leo na mimi niongeze? Wenzetu New Jersey Marekani tangu 2015 kuchezea gari ya dizeli ili itoe moshi zaidi ni kosa, na huku nadhani kung'oa DPF kupigwe marufuku kabisa. Aliyewahi kuisafisha bila kuing'oa anisaidie, ilidumu? Na kuipeleka spidi barabara ya Morogoro nusu saa kunasaidia kweli au nitaua injini?