Kabati la zamani la mtumba: nilikwangue lote au kuna njia nyingine?

Mgeni wa Randa:

Habari za wakati huu wadau. Nimenunua kabati fupi la mbao lililotumika, la kuwekea vyombo sebuleni. Lina milango miwili na droo mbili juu yake. Umbo lake nimelipenda mno, hata nikalibeba bila kulikagua sana.

Hali yake ni hii. Juu kuna maduara meupe ya vikombe, halafu kuna duara moja kubwa jeusi, nadhani palikaa chungu cha maua kwa muda mrefu. Karibu na kona ya kushoto uso wa mbao umevimba, ukipagonga kwa ukucha panalia kama pana uwazi chini. Vanishi yote ina nyufa ndogondogo. Mguu mmoja wa nyuma unacheza. Droo zinakwama na ndani zina harufu ya uvundo. Ndani ya kabati mtu aliwahi kupaka rangi ya kijani ambayo sasa inabanduka.

Mpango wangu ulikuwa kuazima mashine ya msasa, nilikwangue mpaka mbao itoke nyeupe, kisha nilipake rangi nyeupe lote. Mke wangu hataki kabisa, anasema rangi ya mbao ibaki. Tumeshindwa kuelewana, ndiyo maana nimekuja kwenu. Nianzie wapi?

Kazi Fasta:

Mkuu usijisumbue. Msasa namba 60, ule wa kukwaruza sana, kwenye mashine, unamaliza asubuhi. Puti kwenye mashimo, praima, rangi mikono miwili. Mguu piga skrubu mbili ndefu umalize. Mimi makabati yangu yote nimefanya hivyo na yanapendeza.

Mama Vanishi:

Ndugu yangu, weka hiyo mashine chini kwanza.

Wewe mwenyewe umetoa jibu bila kujua. Umesema uso umevimba na chini pana uwazi. Mbao nzima haivimbi hivyo. Hapo una vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Vinia nyingi za viwandani hazifiki hata milimita moja. Msasa namba 60 utaitoboa kabla hujajua kinachoendelea, na ikishatoboka hakuna puti itakayorudisha ile michirizi. Kazi Fasta, njia yako naiheshimu kwa mbao nzima, lakini hapa itaua kabati.

Ukitaka uhakika, chungulia ukingo wa nyuma ambako fundi hakujali kupapamba. Kwenye mbao nzima, michirizi ya juu inateremka moja kwa moja mpaka kichwa cha ubao. Kwenye vinia utaona ufito mwembamba juu, kisha mbao ya aina nyingine chini yake.

Jambo la pili ni kujua ulichonacho juu ya mbao. Sote tunaita "vanishi", lakini zipo za aina nyingi na kila moja ina dawa yake. Chukua pamba, ichovye kwenye spiriti, iguse sehemu iliyojificha, labda nyuma ya mguu, uiache kwa muda mfupi. Pamba ikinata na kutoka na rangi ya hudhurungi, hiyo ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina ya laka (laka ni vanishi inayokauka haraka). Ikilainika sasa, ni laka, ambayo ilianza kutumika sana kwenye samani kuanzia miaka ya 1920. Zote mbili zikishindwa, una vanishi ya mafuta au polyurethane, yaani ya plastiki, na hizo ndizo ngumu kung'oa.

Naomba Mungu iwe shelaki. Shelaki hutengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo anayefugwa sana India na Thailand, na uzuri wake ni kwamba hata ikizeeka namna gani, spiriti huiyeyusha tena. Vanishi ya mafuta na polyurethane zikikauka zimekauka. Hii unaweza kuirudisha katika hali ya umajimaji hapohapo ilipo, ikazifunga nyufa zake yenyewe, bila kuikwangua. Nimeona milango iliyoonekana ya kutupwa ikirudi kung'aa kwa brashi na spiriti tu, na kila mara nafurahi kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kuhusu maduara: yasichanganywe. Jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, mbao yenyewe haina neno. Jeusi limeshaingia kwenye mbao. Maji yalipita, yakakutana na chuma na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, ikazaliwa rangi nyeusi. Hilo halitoki kwa kupangusa, na ukilifuata kwa msasa utatoboa vinia kabla hujalimaliza.

Skrubu kwenye mguu, tafadhali usipige. Skrubu inapasua ulimi wa kiungo, yaani kile kipande cha mbao kinachoingia kwenye tundu, na fundi atakayekuja baadaye atakuwa na kazi maradufu. Mguu unacheza kwa sababu gundi imekufa. Dawa ni gundi.

Fanya majaribio hayo mawili, uturudishie majibu. Usipake wala kusugua kitu kwa sasa.

Jirani wa Karakana:

Naongezea moja ambalo Mama hajaligusa. Hiyo rangi ya kijani ya ndani usiikwangue ikiwa kavu, kamwe. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978, lakini zipo nchi nyingine ambako iliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo, na samani husafiri. Vumbi lake likiingia kwa watoto linaharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Vipo vipimo vidogo vya kusugua juu ya rangi. Kama huna, ihesabu kuwa ina risasi: lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, vaa barakoa ya vumbi laini, watoto wakae mbali, mabaki yote yaingie kwenye mfuko uliofungwa.

Mgeni wa Randa:

Shikamoo Mama Vanishi, na asante Jirani.

Nimefanya kama mlivyosema. Ukingoni kweli kuna ufito mwembamba mwekundu na chini yake mbao nyeupe. Spiriti imefanya kazi mara moja, pamba imenata na kutoka hudhurungi. Kwa hiyo ni vinia yenye shelaki. Mke wangu amefurahi sana.

Sasa nipangieni kazi, maana sijui kipi kinatangulia. Na bado natamani ile rangi nyeupe, angalau juu.

Mama Vanishi:

Marahaba. Sasa twende.

Anza na mguu, kwa sababu utaligeuzageuza kabati na utaligongagonga. Utoe mguu taratibu kwa kuutikisa, usitumie nyundo ya chuma. Gundi ya zamani iondoe yote mpaka uone mbao, kwa sababu gundi mpya ya mbao haishiki vizuri juu ya gundi kuukuu. Kwenye samani ya umri huo huenda ni ile gundi ya ngozi na mifupa, nayo hulainika kwa kitambaa chenye maji ya moto. Subiri mbao ikauke, paka gundi pande zote mbili za kiungo, rudisha. Kama huna jiriwa ndefu ya kubania, zungusha kamba miguuni mara mbili, ingiza kijiti katikati ya nyuzi na ukisokote mpaka ikaze. Weka vipande vya kadibodi chini ya kamba isije ikachora mbao. Kabla hujaondoka, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo visipolingana, kabati limekaa upogo, na gundi ikikauka litabaki hivyo. Liache mpaka kesho yake.

Kisha ule uvimbe. Gundi ileile ya zamani ikipata joto na unyevu kidogo inashika tena. Weka kitambaa chenye unyevu, pitisha pasi ya joto la wastani kwa muda mfupi, bonyeza, inua, tazama. Ukisikia vinia imelala, funika kwa karatasi ya nta, weka ubao mnene na mizigo mizito juu yake usiku kucha. Pasi itachafua shelaki ya mahali hapo, usihofu, tutaitoa. Vinia isipokubali, chana uvimbe kwa wembe kufuata michirizi, kamwe usiikate kwa kukingama, ingiza gundi kidogo kwa bomba la sindano, pangusa inayotoka, kandamiza.

Sehemu ya juu pekee ndiyo ya kuvua shelaki yote, kwa sababu ya lile duara jeusi. Spiriti na matambara, eneo dogo kwa wakati, ukibadilisha tambara kila likijaa. Fanyia nje kivulini, mbali na moto. Maduara meupe yatakwenda na shelaki hiyohiyo. Ukishafika kwenye mbao tupu, yeyusha fuwele za asidi ya oksaliki, dawa ya kuondoa ule weusi, kwenye maji ya moto ndani ya chombo cha plastiki au kioo, si cha chuma, na upake uso mzima wa juu, si duara tu, la sivyo utapata baka jeupe mahali pa jeusi. Hiyo ni sumu: glavu, miwani, na vumbi lake usilivute hata kidogo. Ikikauka, ifute kwa tambara lenye maji, rudia kufuta mpaka chembe zote zitoke. Nimesema tambara. Ukimwaga maji utalegeza gundi na vinia yote itainuka. Duara lisipotoka mara ya kwanza, rudia.

Mbao ikikauka kabisa, msasa namba 220, kwa mkono, kufuata michirizi, mara chache tu kulainisha vinyweleo. Hapo ndipo msasa unapoingia kwenye kazi hii, na hauingii mahali pengine.

Milango na ubavu usivivue. Lilaze kabati ili upande unaoufanyia kazi utazame juu, ufute uchafu na mafuta ya mikono kwanza, kisha paka spiriti kwa brashi laini, mkupuo mmoja mrefu, bila kurudi nyuma. Utaona nyufa zinajifunga mbele ya macho yako. Ukirudia pale ambapo imeanza kukauka utaivuta na kuacha makovu, kwa hiyo zuia mkono wako. Subiri ikauke, tazama kama inahitaji mkono wa pili.

Juu utapaka shelaki mpya, myepesi, mikono kadhaa. Kwa kuwa ni meza ya vikombe, na shelaki haipendi joto wala pombe, nunua ile iliyoondolewa nta, ili ukitaka uweze kuifunika kwa vanishi ngumu. Yenye nta vanishi haitaishika vizuri.

Kuhusu rangi nyeupe, mke wako amesema kweli na nitakwambia kwa nini niko upande wake. Rangi unaweza kuipaka mwaka wowote. Mbao ya vinia hiyo, ukishaijaza rangi ndani ya vitundu vyake, hutaipata tena ilivyokuwa. Ishi nalo kwanza likiwa limetengenezwa. Ukishikilia kupaka rangi, basi tanguliza praima ya shelaki, maana mbao nyekundu hutoa tanini, na baada ya muda rangi nyeupe inatokwa na mabaka ya manjano. Rangi nayo, hata ikikauka mkononi kwa saa chache, huchukua wiki kadhaa kukomaa, kwa hiyo usiwahi kupanga vyombo juu.

Droo: toa nje zikae kwenye hewa kivulini, futa kwa maji na siki kidogo, zikauke, kisha paka shelaki nyepesi ndani. Inafungia harufu. Usipake mafuta ya aina yoyote ndani ya droo, yatachacha na kunuka zaidi. Reli zake sugua kwa mshumaa.

Mgeni wa Randa:

Mama, Mungu akuzidishie. Nimekubali, rangi nyeupe naiacha. Mguu nimeshaufunga kwa kamba na mshazari umelingana. Swali dogo: rafiki ameniambia nipake mafuta ya kitani juu badala ya shelaki, eti ni rahisi. Na vishikio vya shaba vimekuwa vyeusi, nivisugue kwa kitu gani?

Jirani wa Karakana:

Mafuta ya kitani yanafaa, ila matambara yake ni hatari. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara likifinyangwa likatupwa kwenye ndoo joto halina pa kutokea, linawaka lenyewe bila kiberiti. Mwaka 1991 huko Philadelphia, jengo la ghorofa 38 la One Meridian Plaza liliungua kwa matambara ya mafuta hayo, na wazima moto watatu wakafa. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Mama Vanishi:

Hapo umesema, Jirani. Na kwa meza ya vikombe mafuta peke yake ni kinga hafifu, kwa hiyo mimi nabaki kwenye shelaki.

Vishikio: leta sumaku kabla ya kusugua. Ikishika, ni chuma kilichopakwa utando wa shaba, na ukisugua utando unaondoka, basi vioshe kwa maji ya sabuni tu na uvikaushe vizuri. Isiposhika, huenda ni shaba kweli. Hapo jaribu upande wa nyuma wa kishikio kimoja kwa dawa ya kusafishia shaba, na vyote vivue kutoka kwenye milango kwanza, kwa sababu dawa hiyo ikigusa shelaki inaacha alama.

Vikumbuke pia vile visahani vidogo nyuma ya kila kishikio. Andika kipi kilikaa wapi, maana matundu ya skrubu za zamani hayalingani kamwe.