Taa ya betri inawaka kwenye foleni, betri nimebadilisha lakini wapi

Mama Kimara
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ. Jioni kwenye foleni ya Ubungo, taa kubwa zikiwaka na AC inapuliza, taa nyekundu ya betri inawaka. Nikikanyaga mafuta kidogo inazima, nikisimama inarudi. Muuza betri akasema betri imekufa, nikatoa laki na ushee nikafunga mpya. Ikatulia kidogo, sasa imeanza tena, na juzi hapo Kimara usukani ukawa mzito ghafla. Mkanda umekazwa, fundi anasema uko sawa. Kuna mwingine anataka ninunue oltaneta nzima, ile mashine inayochaji betri. Naombeni mawazo kabla sijaingia tena mfukoni. Mita ya umeme ninayo, ya kaka yangu.

Dereva wa Tegeta
Dada, hiyo ni oltaneta tu. Washa gari, chomoa kichwa hasi cha betri. Likizima, oltaneta imekufa. Lisipozima, nzima.

Fundi Umeme Tanga
Dada, tafadhali usichomoe kichwa chochote gari likiwa linaunguruma! Huo ulikuwa mchezo wa magari ya platini na kabureta. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiitoa, volti zinaruka juu ghafla, na kinachoungua ni kontrolo boksi, yaani kompyuta ya gari, au diodi za oltaneta yenyewe. Yanakuja kwangu yamevutwa kwa kamba, mwenyewe anaapa lilikuwa na shida ya taa tu.

Taa hiyo ina picha ya betri lakini inalalamikia chaji. Na usukani wa IST unasaidiwa na mota ya umeme, siyo pampu ya mafuta. Volti zikishuka mota inajitoa. Kwa hiyo usukani mzito na taa ni ugonjwa mmoja.

Pima hivi. Asubuhi kabla hujawasha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa gari bila kitu kingine: nategemea 13.8 mpaka 14.5. Halafu washa taa kubwa, AC, feni namba ya mwisho, usome tena. Ikishuka chini ya 13 tuna kesi. Kisha kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka: vitu vyote vikiwa vimewashwa, waya mwekundu wa mita gusa nati ya waya mnene nyuma ya oltaneta, mweusi gusa kichwa chanya cha betri. Ikifika nusu volti, umeme unapotelea njiani: nati imelegea, kutu, au shida iko kwenye ile fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT. Rudia kati ya bodi ya injini na kichwa hasi. Chunga khanga na nywele, mkanda uko hapo hapo. Na mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, hivyo siku taa ikiwaka na injini ikaanza kuchemka, zima hapo hapo, usisogee hata kituo kimoja.

Mama Kimara
Nimepima na kaka. Kabla ya kuwasha 12.3. Likiunguruma tupu 13.4. Kuwasha kila kitu, 11.9 na taa ikawaka pale pale. Tukikanyaga inapanda 13 lakini namba zinacheza, hazitulii. Oltaneta hadi betri 0.1, upande wa hasi karibu sifuri.

Fundi Umeme Tanga
Umepima vizuri kuliko vijana wangu wa gereji. Nyaya nzima, mkanda umekazwa, tunabaki na oltaneta, ila sijasema inunuliwe. Namba zinazocheza hivyo mimi nashuku kaboni, vile vipande viwili vinavyosugua pete za shaba za rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya oltaneta. Mpya hutokeza kama milimita 10, zikibaki 1.5 zimekwisha. Fundi afungue kifuniko cha nyuma mbele ya macho yako. Akikuta pete zimechimbika mfereji, kaboni mpya hazitadumu, na hapo ndipo uende kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, Dar, ukatafute oltaneta ya mtumba wa Japani. Wakupimie kwanza, ndipo ulipe.

Dereva wa Tegeta
Yangu taa haiwaki kabisa, kwa hiyo mimi niko salama.

Fundi Umeme Tanga
Hata ukifungua swichi kabla ya kustati? Inatakiwa iwake pale, kisha izime injini ikishika. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na siku chaji ikigoma hutaambiwa na mtu.

Dereva wa Tegeta
Ngoja nikaangalie.

Mama Kimara
Mrejesho wakuu. Kaboni moja haikufika hata milimita 2, nyingine ilikuwa na nafuu. Pete ziko laini, fundi amezipitisha msasa mlaini akafunga kaboni mpya zote mbili. Sasa kila kitu kikiwashwa nasoma 13.9, na namba zimetulia. Asante sana kaka yangu wa Tanga. Betri je, itajaa yenyewe?

Fundi Umeme Tanga
Safari za foleni hazitaijaza haraka, na betri mpya ikikaa nusu nusu inaharibika mapema. Mpelekee mtu mwenye chaja. Kwa betri ndogo ya saizi ya NS40, amp 3 kwa saa tano sita, taratibu, asiipige chaji ya haraka. Iache ipumzike usiku, asubuhi pima kabla hujawasha.