Nataka kufundisha poldansi kama mazoezi hapa Kampala, nianzie wapi?

Dada_Najjera

Hamjambo wapendwa. Mimi ni kocha wa erobiki huku Najjera mwaka wa nne sasa, wateja wangu ni wamama wa ofisini, wauguzi, wengine wana maduka, wanakuja jioni wakitoka kazini na jamu imeshawachosha. Mwaka jana nilienda Nairobi kwa wifi yangu akanivuta kwenye darasa la poldansi, yale mazoezi ya kupanda na kuzunguka kwenye bomba la chuma lililosimama (naandika hivyo makusudi, nikiandika pole tupu watu wanaanza kuniuliza nimefiwa na nani), nikaingia nikijua naenda kuona mambo ya klabu za usiku, nikatoka mikono inatetemeka nashindwa hata kufungua chupa ya maji. Nimeinua vyuma miaka na miaka lakini lile bomba lilinionyesha misuli ambayo sikujua ninayo. Nilirudi tena na tena mpaka siku zangu za Nairobi zikaisha na tangu nimerudi sina raha, nalitaka hili jambo hapa kwetu.

Nimewaonyesha wamama wangu video, kumi na mmoja wamesema hata kesho wanakuja. Chumba ninacho cha kukodi, chini ni tailsi, dari ni jipsamu na juu yake mabati. Kuna fundi amesema ataninunulia bomba la maji la inchi moja na nusu anichomelee, bei rahisi kabisa, tuanze mwezi ujao. Sasa nauliza, hilo bomba linafaa? Na nianze kuwafundisha nini, maana wao wanachotaka ni kuning'inia kichwa chini kama wanavyoona TikTok. Halafu mama mkwe ameshasikia na hajafurahi, na jirani mmoja ameniambia nitakamatwa kwa ile sheria ya ponografia. Naombeni mnijibu kwa uzito, hili nalitaka kwa moyo wote.

Kocha_Mkwezi_Bugolobi

Dada karibu sana, umenifurahisha na umenitisha kwa pamoja. Nimefundisha mchezo huu mwaka wa sita huu, kwetu ni Kilifi ila Kampala ndiyo nyumbani sasa, na nakuomba hiyo mwezi ujao uisahau kwanza.

Tuanze na dari maana hapo ndipo watu wanaumia. Mabomba mengi ya kufunga chumbani hayapigwi msumari wala bolti, yanasimama kwa kukaza tu, chini linasukuma sakafu na juu linasukuma dari, kwa hiyo dari lazima iwe slabu ya zege au pawe na boriti nene kabisa ambayo haitikisiki. Jipsamu ukilisukuma linainuka kidogo kidogo, leo unaona liko imara, kesho mtu amezunguka mara tatu limelegea. Niliwahi kuwa kwenye jimu moja, sitaitaja, walilifunga kwenye jipsamu wakaweka kipande cha ubao juu wakasema inatosha. Nilikuwa nimesimama pembeni nikasikia mlio mdogo kama mtu anakanyaga biskuti, nikapaza sauti, yule binti alikuwa bado yuko chini kabisa akaruka pembeni na bomba likaanguka juu ya kioo. Angekuwa juu kichwa chini sijui leo ningekuwa nafundisha. Kama chumba chako ni mabati juu basi kuna bomba la jukwaa, lenye kitako chake kizito kipana, halihitaji dari, lakini ni ghali na linacheza kidogo ukiwa juu kwa hiyo si zuri kwa wanaoanza.

Pili mafunzo yako wewe mwenyewe. Kuhudhuria darasa ni kitu kimoja na kumshika mtu anayeteleza ni kitu kingine kabisa. Kuna kozi za ukufunzi kama za Spin City ya Bristol, Uingereza, lakini kozi bila mwili wako kuzoea haikusaidii, jipe angalau mwaka wa kufanya kila pozi mkono wa kulia na wa kushoto. Upande wa kushoto ndio kila mtu anaukwepa na ndio utakaokuonyesha kama unalijua pozi au umelizoea tu.

Babu yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Nikiwa mdogo niliwahi kumuuliza mbona hapandi ule mrefu wa karibu na kisima akaniambia leo nguvu ya kupandia ninayo, ya kushukia sina. Hilo ndilo darasa langu lote dada. Wiki za kwanza nane wangu hawaoni kichwa chini hata kidogo. Wanajifunza kutembea kuzunguka bomba mkono umenyooka, kuning'inia sekunde kumi bila mabega kupanda masikioni, kuzunguka ule mzunguko wa zimamoto, kukaa juu ya bomba kwa kubana mapaja, kupanda kwa kubana ugoko mbele na shavu la mguu mwingine nyuma, na kushuka, kushuka, kushuka, polepole, miguu ikitangulia. Mtu akiweza kuning'inia halafu akunje magoti mpaka kifuani bila kurukia, akae hapo sekunde tano na ashushe miguu taratibu, ndipo naanza kumgeuza, na naanzia akiwa chini kwenye sakafu nimesimama ubavuni mkono mmoja nyonga mwingine mgongo wa juu. Usishike miguu, miguu haiui mtu, linda kichwa na shingo. Na umwombe ruhusa kabla ya kumshika, kila mara, hata akiwa rafiki yako.

Godoro la kuangukia liwe nene, sentimita 10 hivi, lakini waambie wazi kwamba linapunguza maumivu tu, shingo haliwezi kuiokoa. Na toka kwenye bomba mpaka ukutani au kwenye kabati acha mita moja na nusu kila upande, mguu ukinyooka unafika mbali kuliko unavyodhani.

FundiChuma_Katwe

Nyabo mimi si mtu wa mazoezi ni mtu wa chuma ila nimesoma nikaona niseme. Bomba la maji la inchi moja na nusu ukilipima nje si inchi moja na nusu, ni milimita 48 na ushee, ile inchi ni jina la tundu tu. La inchi moja na robo nje ni 42. Kwa hiyo mtu akikuambia nimekuletea kipimo mwambie leta kalipa tupime nje mbele yangu. Halafu yale ya mabati yana mshono wa kuchomelea kwa urefu wote, pitisha kidole utausikia, huo ukizunguka nao unakata ngozi. Na ile rangi ya zinki ina vipele. Kama lazima utengeneze tafuta stenlesi lisilo na mshono, unene wa ukuta wake usipungue milimita 3, na usikubali kuungwa katikati hata fundi akuapie. Mimi mwenyewe nimeombwa kazi ya namna hii mara mbili nikakataa, kuchomelea najua lakini mzigo wa mtu anayezunguka siujui, unavuta pembeni na si chini tu.

Kocha_Mkwezi_Bugolobi

Fundi ubarikiwe, ndivyo hasa. Nyongeza, kipimo cha mashindano ya kimataifa ni milimita 45, mabomba mawili urefu wa mita 4, moja limetulia na lingine linazunguka lenyewe. La 50 ndilo lilikuwa la kawaida zamani na wenye viganja vikubwa bado wanalipenda. Wamama wako wape 45. Na kwa jasho letu hili la Kampala kabla ya mvua, tafuta la brasi, linashika kuliko kromu, ila linabadilika rangi na ni gharama. Bomba lenye ubaridi halishiki vizuri, lisugue kwanza na mwili mpaka lipate joto, na kila baada ya mtu mmoja lifutwe kwa kitambaa chenye spiriti.

UmmuZuhura_Bombo

Asalam aleikum. Mimi ndiye niliyekuwa napinga haya mambo sana, dada yangu mdogo alipoanza nikamnunia wiki mbili. Nilichokuwa siwezi kukimeza ni hizo kaptura fupi wanazovaa. Kwa nini mtu mzima avae nusu uchi kufanya mazoezi? Akanichukua siku moja darasa la wanawake watupu, pazia nene, simu zote zinawekwa kwenye kapu mlangoni, akaniambia dada jaribu kukaa juu na hilo suruali lako. Nikabana mapaja kwa nguvu zangu zote nikateleza mpaka chini kama ndizi. Ni ngozi ndiyo inashika, ya paja, ya nyuma ya goti, ya kwapa, kitambaa kinateleza. Kumbe zile kaptura kazi yake ni usalama.

Lakini nasisitiza hilo kapu la simu na hilo pazia, maana wapo wamama wengi kama mimi huku Bombo na kwingine ambao wangekuja kama wana uhakika hakuna mtu anawapiga video. Pia yapo mabomba yamevishwa silikoni, hayo unaweza kupanda na suruali yako ndefu, huzunguki kwa kuteleza lakini nguvu unaipata. Mimi natumia hilo. Nina miaka 46 na mgongo uliokuwa unanisumbua wakati wa kuchota maji umetulia.

Dada_Najjera

Jamani asanteni sana nasoma huku naandika kwenye daftari. Hilo la kapu la simu nimelichukua. Swali, wamama wangu wakitoka kuoga wanajipaka vaseline mpaka kung'aa, je? Na baada ya darasa la kwanza Nairobi mapaja yangu yalivilia damu nikaogopa, ni kawaida? Mmoja wa hao kumi na mmoja amejifungua miezi mitatu iliyopita na ndiye mwenye hamu kuliko wote.

Fizio_Mbale

Nijibu hapa maana ni kazi yangu, mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Vaseline, losheni, mafuta ya nazi, siku ya darasa hapana, hata asubuhi yake, maana jasho linayatoa tena kwenye ngozi na yanabaki kwenye bomba yanamsubiri mtu wa pili. Liwe sharti la mlangoni, aliyepaka atafanya ya sakafuni siku hiyo. Kwa viganja vya jasho kuna chaki ya maji ile ya wapanda miamba, inakauka mkononi.

Damu kuvilia mapajani na kwenye ugoko kwa anayeanza ni kawaida, inapungua ngozi ikizoea. Yasiyo ya kawaida ni haya: vidole kufa ganzi, bega kuuma usiku ukilala upande huo, kifundo cha mkono kuuma ukisukuma mlango. Ukisikia hayo unapumzika, huongezi mazoezi. Wengi ninaowapokea wameumia bega kwa sababu moja, wananing'inia bega likiwa limelegea. Wafundishe kabla hata ya kugusa bomba kuvuta kombe la bega chini, kama unataka kuliingiza mfuko wa nyuma wa suruali, ndipo waning'inie. Na ule mshiko wa mkono mmoja juu mwingine chini unasukuma, uzito ukiegemea mkono wa chini na kiwiko kimekakamaa, kifundo hakidumu. Acha siku moja au mbili kati ya darasa na darasa, misuli inapata nguvu haraka lakini kano zinachelewa na mtu anajiona yuko tayari wakati kano zake bado.

Huyo mama wa miezi mitatu mpe pole yangu ya kweli hii ya mdomoni, asubiri. Aonwe kwanza na mkunga au fizio, misuli ya tumbo ikiwa bado imeachana katikati na ya nyonga haijarudi, kujikunja na kuning'inia kutamzidishia. Mwenye mimba usimpokee mgeni kwenye bomba, wala mwenye presha isiyodhibitiwa usimgeuze kichwa chini. Andika maswali hayo kwenye fomu ajaze kila mtu.

Kocha_Mkwezi_Bugolobi

Kuhusu mama mkwe na jirani. Ile sheria ni ya 2014, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake vikuu pamoja na ile tafsiri ya ponografia iliyokuwa inatutisha sote. Hakuna kosa katika mwanamke kufanya mazoezi chumbani, kodi yako na leseni ya biashara viwe sawa basi.

Mama mkwe usimbishie, mwalike. Huyu huyu harusini ikipigwa baksimba anakata kiuno mbele ya wakwe wote na hakuna anayenuna, Mbale kadodi ikianza hata wazee wanaruka barabarani. Anachoogopa ni klabu ya usiku, na kweli mtindo wa sasa ulipita huko, wacheza wa klabu za Marekani na Kanada wametuachia mapozi mengi na mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo bila kuficha, hao dada waliteseka kuyavumbua. Lakini kukwea nguzo kwa mazoezi ni kukongwe. India kuna mallakhamb, vijana wanapanda mti uliopakwa mafuta ya mbarika, kwenye sarakasi za Wachina wanapanda nguzo iliyovishwa mpira. Na shirikisho la kimataifa la mchezo huu lipo tangu 2009, lina vipengele vya wanaume, watoto na watu wenye ulemavu. Mwambie hivyo halafu mpe kiti akae aone mkwewe anavyotoka jasho.

Dada_Najjera

Nimerudi baada ya wiki mbili. Lile bomba la maji nimemwambia yule fundi aache. Nimepata chumba kingine Kiwatule, chini ya ghorofa, juu ni slabu, nimepima mita 2 na sentimita 62, kodi imepanda kidogo lakini nalala usingizi. Wamama nimewaambia ukweli kwamba kwanza nakwenda kusoma mwenyewe, wawili wamekasirika, tisa wamesema wananisubiri na kwa sasa tunafanya kuning'inia kwenye chuma cha kawaida, jana muuguzi wangu mmoja alifika sekunde saba mabega yako chini, akashuka analia kwa furaha, ana miaka 52.

Mama mkwe ameuliza kama kutakuwa na wanaume. Nikasema hakuna. Akasema haya.

Kocha, Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa Bugolobi kama tulivyoongea kwenye meseji. Nakuja na kaptura, na tangu Ijumaa jioni sigusi losheni.