Mrejesho: Printa ya rangi kwa ofisi ndogo

Wakuu, habari zenu. Niliuliza ninunue printa gani ya rangi isiyo ghali kwa ofisi ya watu wanne, tunaochapa ankara na vipeperushi, kurasa kama 300 kwa mwezi. Asanteni sana nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nisitazame bei ya printa, nipige hesabu ya gharama ya kila ukurasa. Hesabu hiyo iliziondoa mapema zile za katriji ndogo. Nikachukua ya matangi ya wino, yanayojazwa kwa chupa. Huu ni mwezi wa tano na chupa za mwanzo bado hazijaisha. Hapo mlinisaidia kweli.

Nilipokosea ni kupuuza onyo la kutoiacha muda mrefu bila kuchapa. Tulifunga ofisi wiki tatu. Tuliporudi, samawati ikawa inatoka na mistari mitupu. Nilisafisha kichwa cha kuchapia mara mbili kupitia menyu yake, nikaiacha ipumzike usiku kucha, asubuhi nikarudia mara moja ikakaa sawa. Usafishaji huo unakula wino, kwa hiyo sasa kila Ijumaa tunachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote.

Tatizo moja limebaki: vipeperushi vikipata maji, rangi inachujuka. Vya kubandika nje tunapeleka kuchapwa kwa printa ya leza, kwa kuwa tona, yaani wino wake wa unga, huyeyushwa kwa joto ikashikamana na karatasi. Uliyenishauri leza tangu mwanzo, kwa hilo ulikuwa sahihi.